Tani Nne za Chumvi na Mfuko Mmoja wa Ngozi: Rekodi za Mizigo ya Wawindaji wa Bonde la Ufa

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, kwa hiyo rekodi zilizomo humu hakuna atakayezivunja hapa nyumbani. Lakini ni rekodi zilizoje! Kati ya Naivasha, Gilgil, Njoro na msitu wa Mau wamepita wawindaji wa kila aina, kuanzia rais mstaafu mwenye jeshi la wapagazi hadi mtu mmoja na mbwa wake. Swali la shindano ni moja: kabla ya kuondoka, alifungasha nini?

Vipimo ni vyetu: gunia la mahindi la kilo 90, mfuko wa saruji wa kilo 50, matatu ya abiria 14. Cha zamani ni kimoja tu, mzigo wa mpagazi: ratili 60, yaani kilo 27. Hicho ndicho kipimo kilichotawala misafara ya nchi hii kabla ya reli.

1. Mzigo mzito kuliko yote

Bingwa ni Theodore Roosevelt, na hakuna anayemkaribia. Aliondoka Ikulu ya Marekani Machi 1909, na Aprili mwaka huohuo alikuwa ameshuka melini Mombasa. Kwenye uwanda wa Kapiti alikuta wapagazi wapatao 200 wakimngoja. Hao ni matatu 14 zilizojaa pomoni, na wengine bado wamebaki stejini.

Ndani ya mizigo mlikuwa na mahema, mitego, bunduki za kila kimo, maharagwe ya kopo ya mtindo wa Boston, na bendera kubwa ya Marekani ya kupepea juu ya hema lake. Kikubwa zaidi kilikuwa chumvi: tani nne za chumvi laini ya kuhifadhia ngozi, kwa kuwa safari ilifanywa kwa niaba ya makumbusho ya Smithsonian. Tani nne ni magunia 40 ya mahindi na zaidi. Zigawe kwa kilo 27 na utapata mizigo zaidi ya 130 ya chumvi peke yake!

Msafara huo ulifika Naivasha kuwinda viboko, na baadaye mwaka huohuo Roosevelt akawa mgeni wa mlowezi Lord Delamere pale Njoro. Kufikia mwisho wa safari, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameangusha wanyama 512.

Kuna jambo jingine linalomfaa bingwa huyu. Kule Marekani ya Kaskazini kuna elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye wawindaji wa huko humfuata milimani kwa siku nyingi. Elki mwenye mwili mkubwa kuliko wenzake wote hubeba jina la Roosevelt tangu 1897, alipopewa na mtaalamu wa wanyama C. Hart Merriam.

2. Mzigo wa kilo 27 usio na kitu cha kuua wala kula

Ni wa Roosevelt tena. Mpagazi mmoja alibeba vitabu tu: maktaba ya juzuu zipatazo 60, zilizojalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili zistahimili jasho, damu na mvua, zikatiwa katika sanduku la alumini. Alizisoma kivulini, hata kando ya mnyama aliyekwisha kuanguka. Kwa maoni yangu huu ndio mzigo uliochaguliwa vizuri kuliko yote ya msafara ule.

3. Risasi nzito na risasi nyepesi

Hapa tutoke kidogo nje ya nchi: wanashindana Mwingereza na Mskoti ambao hawakuwahi kuwinda pamoja. Samuel Baker, aliyezunguka mito ya Ethiopia na Sudan katika miaka ya 1860, alikuwa na bunduki ya uzito uliozidi kilo 9. Ilirusha risasi ya nusu ratili, kama gramu 227, na kila alipoifyatua ilimsukuma nyuma vibaya. Waarabu waliokuwa naye waliiita mtoto wa mzinga.

Upande wa pili amesimama Walter Bell, aliyepewa jina la Karamoja kwa sababu ya miaka yake katika nchi ile ya kaskazini mashariki mwa Uganda. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyembamba yenye risasi ya gramu 11 hivi. Risasi moja ya Baker ni sawa na 20 za Bell! Bell alikuwa amesomea mafuvu ya ndovu mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande, na ujuzi huo haukuhitaji mpagazi.

4. Kifaa kidogo kilichookoa msafara mzima

Meno mawili ya bandia. Mskoti Joseph Thomson alipita Naivasha mwaka 1883 akielekea Baringo, katika nchi ya Wamaasai ambayo misafara mingi iliiogopa. Mizigo yake ilikuwa ya kawaida ya wakati ule: shanga, nyaya na vitambaa vya kulipia hongo. Mambo yalipokuwa magumu, alitoa meno yake mawili hadharani, akayarudisha mahali pake, kisha akakoroga chumvi ya Eno ndani ya maji hadi ikachemka bila moto. Akahesabiwa kuwa mganga mkubwa. Uzito wa silaha hiyo ni gramu chache, nayo ilifanya kazi ambayo marobota ya shanga hayakuweza.

5. Kifaa kikongwe, na chenye makali

Ukitoka Nakuru kuelekea Nairobi, kabla hujafika Gilgil, ng'ambo ya barabara kutoka Ziwa Elementaita kuna Kariandusi. Timu ya mwanaakiolojia Louis Leakey ilianza kuifukua mwishoni mwa miaka ya 1920, ikakuta mashoka ya mkononi yaliyolala mahali yalipoachwa takriban miaka milioni moja iliyopita. Jiji la Nakuru lilipewa hadhi yake Desemba 2021. Weka hiyo kando ya miaka milioni moja!

Shoka lenyewe halina mpini. Lina umbo la tone la maji, limechongwa pande zote mbili, na linajaa kiganja cha mtu mzima. Mengi ni ya jiwe la lava, lakini mengine ni ya obsidiani, kioo cheusi cha volkano ambacho Bonde la Ufa limejaliwa nacho kwa wingi. Kipande kipya cha obsidiani kina ukingo mwembamba kuliko wa kisu cha chuma cha daktari wa upasuaji. Kule Olorgesailie, kusini mwa bonde hilihili, watu wa miaka 300,000 hivi iliyopita walikuwa wakiifuata kutoka machimbo ya kilomita 25 hadi 50. Ni kama kwenda Gilgil kutoka Nakuru kwa miguu ili upate kisu.

6. Mzigo mzito wa kurudi nao

Mwindaji anayekwenda peke yake hupima begi lake akiondoka, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mwindaji wa elki kule Marekani huondoka na zaidi ya kilo 20: hema, mfuko wa kulalia, jiko, chakula cha siku kadhaa, visu, mifuko ya nyama. Huo ni mchezo. Kazi yenyewe huanza mnyama akishaanguka.

Mnyama wetu wa kulinganisha ni pofu, anayeonekana hadi leo Hell's Gate na katika hifadhi ya Ziwa Nakuru. Dume kubwa hupita kilo 900, magunia kumi ya mahindi yanayotembea! Tuchukue wa kadiri, kilo 600. Ukishamchuna na kutoa matumbo, hubaki kama kilo 300. Kwa mizigo ya kilo 27 ni safari 12. Kambi ikiwa umbali wa kilomita tano, mtu mmoja atatembea kilomita 115 kabla ya kumaliza: kutoka Nakuru hadi Naivasha, kisha zaidi ya nusu ya njia ya kurudi, na nusu ya mwendo wote akiwa na mzigo mgongoni.

Rekodi ya Afrika Mashariki, hata hivyo, ni ya pembe za ndovu aliyeuawa Kilimanjaro mwaka 1898. Moja ina kilo 102, nyingine 97, na urefu wake unazidi mita tatu. Kila moja inalishinda gunia la mahindi. Leo ziko katika makumbusho ya London.

7. Mzigo mwepesi kuliko yote

Mshindi wangu wa jumla ni Mwogiek wa Mau, wa sehemu za Mariashoni na Nessuit. Alipoingia msituni alibeba upinde, podo la mishale, simi, shoka, vijiti vya kupekechea moto na mfuko wa ngozi wa asali. Kwa baridi ya Mau, ambayo watu wa Molo wanaijua vyema, alijifunika joho la ngozi za perere zilizoshonwa pamoja. Hema hana. Jiko hana. Chakula kilikuwa juu ya miti, ndani ya mizinga yake mwenyewe.

Mtazame mshale wake kwa karibu. Kichwa kimepakwa sumu ya msunguti, ambayo hutokana na mti uliochemshwa kwa saa nyingi hadi ukatoa ujiuji mweusi mzito kama lami. Juu ya sumu kumezungushwa ukanda mwembamba wa ngozi, isikauke na isimchubue mwenyewe. Ukanda hufunguliwa dakika ya mwisho. Sumu hiyo husimamisha moyo, kwa hiyo mshale wa gramu chache humwangusha nyati.

Shindano la ana kwa ana lilifanyika Njoro mwaka 1909. Kermit Roosevelt alimtaka bongo, swala mkubwa kuliko wote wa msituni na mgumu kupatikana. Leo bongo wa milimani wamebaki porini chini ya 100, katika misitu ya Kenya tu. Msafara wa baba yake ulikuwa na kila kitu ambacho fedha ya Marekani ingeweza kununua, na chumvi ya kutosha kuhifadhi ngozi zote za Mau. Ili ampate bongo, ilibidi Kermit awafuate msituni wawindaji wa Delamere ambao wazungu waliwaita Wandorobo, jina walilowapa Waogiek na wawindaji wenzao wa msituni, kwa mwendo wao na kwa njia zao, na bongo akapatikana.