Istilahi za Kuhariri Faili za Midi kwa Kinanda cha Kidijitali

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zinazowahusu wapiga vinanda na mafundi wanaohariri faili za midi ili zipigwe na kinanda cha kidijitali kanisani. Jambo lililotusukuma kushika kalamu ni kosa lililotokea Kihonda, katika Manispaa ya Morogoro, kando ya barabara iendayo Dodoma. Mpiga kinanda wa kanisa moja la huko alikuwa safarini, naye aliacha nyimbo za misa ya mazishi zimekwisha kurekodiwa. Katika wimbo mmoja alikuwa ameongeza tuni ya kuwafundishia wanakwaya, nayo haikutakiwa kusikika siku ya misa. Akampigia simu kijana aliyebaki na kompyuta, akamwambia: "Futa njia ya tatu." Kijana akafungua faili, akahesabu mistari kutoka juu, akaufuta wa tatu. Misa ilipoanza kinanda kililia bila besi, na ile tuni ya mazoezi ikasikika juu ya vilio vya wafiwa. Wanaume wa kwaya walitafuta pa kushika wasipapate.

Kijana yule alihesabu sawasawa. Lililopotosha ni neno "njia", ambalo mafundi wetu hulitumia kwa vitu viwili mbalimbali. Ili tuvitenganishe, hatuna budi kwanza kueleza midi ni kitu gani.

Midi ni utaratibu wa mawasiliano baina ya vyombo vya muziki vya kielektroni, uliokubaliwa na watengenezaji wa Marekani na Japani mwaka 1983. Faili ya midi haina sauti ndani yake, na kwa hiyo haifanani na kanda wala santuri. Iliyonayo ni maagizo tu: kibonyezo fulani kibonyezwe, kisha kiachiliwe, mwendo uwe huu. Kila kibonyezo kina namba yake kati ya 0 na 127, na do ya katikati ya kinanda, kwa ufunguo wa C, ni 60. Kinanda ndicho kinachotoa sauti, kama vile mpigaji hutoa sauti kutokana na karatasi ya nota.

Kwa sababu hiyo hatupendezwi na usemi wa "kucheza faili". Katika Kiswahili ngoma hupigwa na zumari hupulizwa. Anayecheza ni yule aliye uwanjani akitikisa mabega. Tunapendekeza "kupigisha": kompyuta hukipigisha kinanda. Kitenzi hiki kinaonyesha wazi kwamba mpigaji ni kinanda, na kompyuta ni mtoa amri. Neno "kinanda" lenyewe limesafiri mbali. Wazee wa pwani walilitumia kwa chombo cha nyuzi cha jamii ya gambusi, kisha likachukua piano na ogani, na hata kile cha mdomo. Halijachoka, na hatuoni haja ya kulitafutia badala.

Sasa turudi kwenye "njia". Maagizo ya midi hubeba alama inayoonyesha yanamhusu nani, na alama hizo ni 16. Mafundi huziita chaneli. Katika kinanda cha kanisa, vibonyezo vya mkono vya safu ya juu huweza kusikiliza chaneli moja, vya safu ya chini chaneli nyingine, na vya miguu chaneli ya tatu. Mgawanyo huu ni wa lazima, kwa kuwa namba za vibonyezo vya miguu ni zilezile za mkono: namba 36 ni kibonyezo cha kwanza cha mkono wa kushoto, na pia ni cha kwanza cha mguu. Chaneli peke yake ndiyo inayoamua kati ya mkono na mguu. Hatuoni sababu ya kulikataa neno hili. Kila mwenye televisheni analijua, na wazo ni lilelile, yaani asiyefungua chaneli inayohusika hapati kitu.

Kitu cha pili ni ule mstari unaoonekana kwenye kioo cha kompyuta, ambao mafundi huuita traki. Huu hauhusiani na kinanda. Ni namna tu ya kupanga maandishi ndani ya faili. Faili za aina ya 0 zina mstari mmoja tu, nao huweza kubeba chaneli zote 16. Zile za aina ya 1 zina mistari mingi, na aghalabu wa kwanza huwekwa habari za mwendo bila nota yoyote. Hapo ndipo kijana wa Kihonda aliponaswa: mstari wa kwanza ulikuwa na mwendo, wa pili chaneli ya 1, wa tatu chaneli ya 2 iliyobeba besi ya miguu, na tuni ya mazoezi ilikuwa katika wa nne. Kwa mstari huu wengine wamependekeza "mkondo", lakini neno hilo limekwisha kushikwa na umeme. "Safu" nalo tumelitumia hapo juu kwa vibonyezo. Sisi twaona "mstari" latosha, maana ndivyo linavyoonekana kwa macho.

Istilahi nyingine zinazogongana ni za kasi. Nguvu ya kidole hupimwa kwa jinsi kibonyezo kinavyoshuka upesi, na hupewa namba hadi 127. Kasi ya wimbo ni jambo jingine kabisa. Ya kwanza na tuiite "mguso", na ya pili "mwendo", kama walimu wa kwaya wasemavyo siku zote. Katika ogani mguso haubadilishi ukubwa wa sauti. Lakini mhariri asidhani kwamba anaweza kuufuta. Agizo la kubonyeza lenye mguso wa 0 huhesabiwa kuwa agizo la kuachilia, na mwenye kuzipa nota zote mguso huo atapata kinanda kimya. Mwendo nao usipoandikwa katika faili, huchukuliwa kuwa mapigo 120 kwa dakika, mwendo wa gwaride, si wa jeneza.

Je, kazi yenyewe tuiite "kutengeneza" au "kuhariri"? Kutengeneza kunafaa kilichovunjika. Faili nyingi tunazopokea hazikuvunjika, bali zilipigwa kwenye piano, na lugha ya piano si ya ogani. Mpiga piano hukanyaga pedali ili nota ziendelee kulia baada ya kidole kuondoka. Ogani haina pedali hiyo, na wimbo uleule hutoka umekatikakatika. Mhariri huondoa agizo la pedali, akazirefusha nota moja moja hadi ziguse zinazofuata. Kisha huangalia mahali soprano na alto zinapokutana kwenye kibonyezo kimoja katika chaneli moja, kwa maana sauti ya kwanza kuachilia humkata na mwenzake. Hapo nota moja hufutwa na nyingine huachwa, ile iliyo ndefu zaidi. Kazi hii huchosha macho, na haina njia ya mkato. Kati ya ubeti na ubeti huongeza pigo moja au mawili ya kimya, kwa sababu mashine haiwasubiri watu wavute hewa. Wanakwaya hukiita kimya hicho "pumzi", na hatujapata istilahi iliyo bora kuliko hiyo.

Wimbo ukiwa juu mno kwa waumini, namba zote hupunguzwa kwa kiasi kimoja. Namba 2 chini ni toni nzima. Tuseme "kushusha ufunguo". Tahadhari ni kwamba besi iliyokuwa 36 itakuwa 34, na kibonyezo hicho hakipo miguuni, hivyo hailii. Na tuandike "nota", si "noti". Noti hulipia umeme.

Limebaki neno moja, nalo tumelipata Kihonda kwenyewe. Waya ukichomoka kabla agizo la kuachilia halijafika, nota huendelea kulia bila kikomo. Vijana wa huko husema nota "imenasa". Tunalipendekeza lipokelewe kama lilivyo. Agizo la kuzima nota zote, ambalo katika midi ni namba 123, na liitwe "kunasua".