Kinyonga Mmoja au Wengi? Jinsi Wataalamu Wanavyotenganisha Mijusi Wanaofanana

Hapa Mabawe, anayekutana na kinyonga njiani humwita kinyonga, basi. Kwa mazungumzo ya kila siku jina hilo moja latosha. Lakini kwa anayetaka kujua kinyonga huyo ni wa aina gani, anaishi wapi na anahitaji ulinzi gani, jina moja linaweza kuficha mambo mengi. Katika makala hii tunaeleza jinsi spishi zinazofanana sana zinavyotenganishwa. Mfano wetu ni vinyonga wa pembe mbili wa Milima ya Tao la Mashariki. Tukumbuke kwamba kinyonga naye ni mjusi.

Taipu ni nini?

Majina ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa kuanzia mwaka 1758, kutokana na kazi ya Carl Linnaeus wa Sweden. Kwa desturi, anayetaja spishi mpya huchagua mnyama mmoja, humhifadhi katika makumbusho, na jina hufungwa kwake. Mnyama huyo huitwa taipu. Ukitokea ubishi baadaye, wataalamu hawamtafuti aliye na sauti kubwa. Hurudi kwenye taipu. Kuna kanuni ya pili: spishi moja ikiwa imepewa majina mawili, kwa kawaida lile la zamani ndilo linalobaki.

Historia ya vinyonga wetu

Mwaka 1887 Anton Reichenow wa Berlin alimtaja kinyonga wa pembe mbili kwa heshima ya msafiri Gustav Fischer. Mwaka 1895 Franz Werner akaongeza jina matschiei, na mwaka 1913 Fritz Nieden akaongeza mawili, multituberculata na vosseleri. Maelezo ya zamani mara nyingi yalikuwa mafupi, tena yaliandikwa na watu wenye wanyama wachache mezani. Basi waliofuata walipoona jinsi vinyonga hawa wanavyofanana, wengi waliwaweka wote chini ya jina moja, fischeri. Majina mengine yakawa kama yamelala.

Mwaka 2006 Colin Tilbury na wenzake waliwatoa vinyonga hawa katika jenasi ya Afrika Kusini walimokuwa wamewekwa, wakaunda jenasi mpya. Waliiita Kinyonga, neno letu la Kiswahili. Mwaka 2008 Jean Mariaux, Nicolà Lutzmann na Jan Stipala wakalichunguza upya kundi la pembe mbili.

Kazi hiyo hufanyikaje?

Mtaalamu hukusanya vielelezo vya makumbusho mbalimbali, vilivyohifadhiwa katika chupa za spiriti. Hupima urefu wa mwili na wa pembe, hutazama mpangilio wa magamba, vinundu vya kichwani na safu ya miiba ya mgongoni. Haangalii rangi sana, kwa sababu spiriti huipausha, na kinyonga mwenyewe hubadilika akiwa hai. Hulinganisha dume na dume, jike na jike, mkubwa na mkubwa. Bila hivyo tofauti ya umri huonekana kama tofauti ya spishi. Vinasaba vya wanyama waliokusanywa karibuni huongeza ushahidi. Ndipo huandika maelezo mapya ya kila spishi, yaliyo kamili kuliko yale ya kwanza.

Matokeo yalikuwa wazi: fischeri halisi ni wa milima ya Nguru na Nguu. Yule wa Usambara Magharibi ni multituberculata. Matschiei na vosseleri ni wa Usambara Mashariki. Majina yaliyolala yakaamshwa.

Kuna faida gani?

Kinyonga wa msituni hawezi kuvuka nyika kavu kwenda mlima mwingine. Tulipodhani ni spishi moja, msitu wa mlima mmoja ukikatwa tungejifariji kwamba wengine wapo kwingine. Sasa tunajua kwamba msitu huo ukiisha, spishi yake inaweza kuisha nayo. Hata biashara iliguswa. Vinyonga hai waliuzwa nje kwa miaka mingi, na wengi walioitwa fischeri walikuwa kwa kweli multituberculata. Kibali kinachotaja jina lisilo sahihi hakiwezi kumlinda mnyama aliyemo ndani ya kasha. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Jambo moja linabaki kwetu. Vielelezo vingi vya wanyama wa Tanzania, taipu zikiwemo, viko Berlin, London na Marekani. Kijana wa Ngara anayetaka kusoma elimu hii leo atalazimika kuomba picha na vipimo kutoka mbali. Kitabu cha Mwanzo kinamwonyesha Adamu akiwapa wanyama majina wakiwa mbele ya macho yake. Nasi tungependa vijana wetu wawatazame wanyama wao hapa hapa nyumbani, wawapime kwa uangalifu, na wajue kila mmoja anaitwaje kabla msitu wake haujatoweka.