Nyumba Isiyo na Mlango

Mama alisimama mlangoni na kanga begani, akaitazama televisheni yetu. Yai jeupe lenye viatu na glavu za ndondi lilikuwa likipiga pindu hewani. Akasema, "Kitendawili!" Sisi wawili, macho hayajabanduka kwenye skrini, tukajibu, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mdogo wangu hakufikiri hata kidogo. "Yai, mama. Na ndilo hili."

Tulikuwa Coventry, Uingereza, mwanzoni mwa mwaka 1990. Mimi nilikuwa na miaka 11, mdogo wangu 8. Wazazi wetu walitoka Unguja, na nyumbani tuliongea Kiswahili. Gemu yenyewe iliitwa Fantasy World Dizzy. Tuliinunua kwa fedha zetu za Idi, na bei yake haikufika pauni 3.

Hiyo bei naomba tuitazame vizuri. Miaka ile gemu mpya ya kompyuta ya nyumbani kwa kawaida iliuzwa pauni 8 hadi 10. Mtoto hakuwa na fedha hizo. Alipaswa kumwomba baba, na baba alikuwa na kodi ya nyumba ya kufikiria. Ndipo wakatokea wachapishaji walioamua kuuza kanda za gemu kwa pauni 1.99. Codemasters, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na ndugu wawili, Richard na David Darling, ilikuwa mmoja wao. Kanda zao zilikuwa hata katika maduka ya magazeti, karibu na peremende. Mtoto aliingia na sarafu zake, akachagua mwenyewe, akalipa mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mteja.

Dizzy, ndilo jina la yai hilo, aliingia madukani kupitia Codemasters mwaka 1987. Waliomtunga ni mapacha, Philip na Andrew Oliver, wa mji wa Trowbridge, kusini-magharibi mwa Uingereza. Walikuwa na miaka 19. Walitaka mhusika mwenye uso mkubwa, ili mchezaji aone macho na tabasamu lake hata kwenye picha ndogo. Wakachora uso, wakaupachika mikono na miguu, na kiwiliwili hakikuhitajika tena. Programu yao ya kuchorea iliweza kuzungusha picha, na umbo la yai huzunguka vizuri. Hivyo Dizzy akiruka hupiga pindu, na akitua huendelea kubingirika mpaka asimame wima. Uzuri wote wa mchezo uko hapo, na hatari yote pia. Unaruka mto salama, unashangilia, kumbe yai halijamaliza kubingirika na mbele yake kuna moto.

Gemu za namna hii huitwa michezo ya majukwaa, kwa sababu mhusika huruka kutoka ukingo hadi ukingo, ngazi hadi ngazi. Nyingi hutaka wepesi wa vidole tu. Dizzy alitaka zaidi. Katika Fantasy World anaanza akiwa kifungoni kwenye shimo la ngome ya mazimwi, na karibu yake kuna mkate na jagi la maji. Moto umeziba njia, na panya mkali analinda njia nyingine. Maji unayamwaga motoni, mkate unampa panya. Mbele utakuta mamba, na kamba uliyookota itamfunga mdomo. Utapata ng'ombe, utambadilisha kwa harage, harage utaliotesha kwenye samadi, na kutoka hapo utapanda juu.

Mama alipoketi nasi jioni moja na kuona hayo, alituambia kwamba hizo ni hadithi zake. Alikuwa na haki kusema hivyo. Kule Unguja bibi alitusimulia mazimwi kabla hatujajua kompyuta ni nini, na katika hadithi zake mnyonge hakushinda kwa nguvu. Alishinda kwa kitu kidogo alichokiokota njiani na kukihifadhi. Dizzy hana upanga wala bunduki. Hubeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo unalazimika kuamua: niache kamba au niache jagi? Tulibishana juu ya hilo mpaka tukaitwa kula.

Kompyuta yetu ilikuwa ZX Spectrum yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Picha moja ya simu ya leo huizidi mara nyingi. Katika nafasi hiyo ilibidi viingie msitu, ngome, kisima, joka, na ukoo mzima wa mayai: Daisy mchumba, Dozy anayesinzia, Denzil, Dylan, Dora na babu yao. Kila mraba wa nukta 8 kwa 8 uliweza kubeba rangi mbili tu. Skrini haikusogea pamoja nawe. Ulitembea hadi ukingoni, picha ikabadilika, ukaingia chumba kipya. Sisi tulikichora kila chumba kwenye daftari, mpaka tukawa na ramani ya kurasa tisa zilizounganishwa kwa gundi.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na kungoja. Gemu ilikuwa kwenye kanda ya kaseti, na kanda ilichukua dakika kadhaa kuingia ndani ya kompyuta, ikipiga kelele ya kukwaruza huku mistari ya rangi ikicheza kandokando ya skrini. Tuliiwasha, tukaenda kusali Magharibi, tukarudi. Redio kaseti yetu ilikuwa kuukuu, na sauti ikiwa chini kidogo tu tulianza upya.

Mapacha walijifunza kutoka kwa wachezaji wao, na hili nalipenda kuliko yote. Katika Treasure Island Dizzy, iliyotangulia, mchezaji alikuwa na uhai mmoja tu, na alihitaji mrija wa kupumulia chini ya maji. Mzigo wake ulitoka kwa zamu, kitu kimoja baada ya kingine, hivyo aliyebonyeza kitufe bila kuhesabu aliutupa mrija akiwa baharini, na mchezo ukaishia hapo. Fantasy World ilikuja na uhai wa mara tatu, na kidirisha kinachokuonyesha ulichobeba ili uchague cha kutoa. Nani alisema kitu cha bei ndogo hakistahili uangalifu huo?

Leo gemu nyingi za watoto kwenye simu hupakuliwa bure, kisha katikati ya safari zinadai fedha ili mlango ufunguke. Mwanangu amezizoea. Mimi naziona ni ghali kuliko kanda yetu, maana ile ukishalipa, milango yote ilikuwa yako, na ufunguo ulikuwa kichwani mwako.

Mwaka 2020 mapacha wa Oliver walitoa Dizzy mwingine wa ZX Spectrum, Wonderful Dizzy, bila malipo. Kabla ya kuufungua mchezo huo nilitaka mwanangu aanzie nilipoanzia mimi, nikamwekea Fantasy World kwenye kompyuta yangu ya kazini. Aliungua motoni mara mbili. Mara ya tatu alisimama mbele ya panya, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Mama, panya anakula nini?"

Nikamjibu, "Tegua mwenyewe."