Antene za meli ya vita: namna ya kujua ipi inafanya kazi gani

Ukiangalia picha ya meli ya vita, macho yanakimbilia kwanza mizinga. Lakini mtu mwenyi kuzoea mambo ya radio anaangalia juu zaidi, kwenyi milingoti, pale kuko fimbo, waya, masanduku, sahani na vibuyu vyeupe. Mizinga inaonyesha meli inaweza kupiga nini. Antene zinaonyesha inasema na nani, inasikia nini, na wakubwa wake wanaogopa nini.

Mashine ya radio unaweza kuifungia ndani ya chumba cha chuma, mlango na kufuli. Antene hapana. Chuma kinazuia mawimbi, kwa hiyo sharti antene itoke inje, mahali kila mtu mwenyi darubini ao kamera anaweza kuiona. Ndiyo maana majeshi ya maji yanalipa watu ambao kazi yao ni kuangalia picha za milingoti ya wengine. Katika vita ya pili ya dunia, picha za namna hiyo zilibeba siri kubwa mara mbili, na mara zote mbili wenyi picha hawakuzitumia inavyofaa. Tutafika huko. Kwanza tuone namna ya kusoma antene.

Urefu unasema

Tuanzie kwetu. Radio yenyi kutangaza kwenyi FM 100 inatumia wimbi la metre 3. Hesabu yake ni rahisi: chukua 300, gawanya kwa megahertz, utapata urefu wa wimbi kwa metre. Antene ya kawaida inafanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa nusu ya wimbi ao robo yake. Kwa hiyo vile vyuma vya antene unaviona juu ya pilone ya radio ya FM viko na metre moja na nusu hivi. Pilone yenyewe inaweza kuwa ndefu sana, lakini pilone si antene, ni ngazi ya kuipandisha tu. Watu wengi wanachanganya hapo.

Sasa angalia phonie, ile ya paroasi ao ya zone ya afya. Antene yake ni waya mrefu wenyi kuvutwa toka mti mpaka paa la nyumba. Sababu? Phonie inatumia mawimbi mafupi, kati ya megahertz 3 na 30, na hayo ni mawimbi ya metre 100 mpaka metre 10. Jina "mafupi" linadanganya kidogo. Yaliitwa mafupi juu yale ya zamani yalikuwa marefu kupita: meli za wakati ule zilikuwa zinaomba msaada kwenyi kilohertz 500, na hilo ni wimbi la metre 600. Hakuna meli yenyi kuweza kubeba nusu ya wimbi kama hilo. Mabaharia walivuta waya toka mlingoti wa mbele mpaka wa nyuma, mrefu kadiri walivyoweza, wakaridhika. Ukiona picha ya zamani ya meli yenyi waya nyingi katikati ya milingoti, sawa kamba za kuanikia nguo, unajua inasema kwa mawimbi marefu.

Kwenyi meli ya vita ya leo hesabu ni ile ile. Fimbo ndefu yenyi kusimama peke yake, metre 10 hivi, ni ya mawimbi mafupi, ndugu ya phonie yetu. Jeshi la maji la Marekani limetumia miaka mingi fimbo za metre 10 na nusu hivi, na kwenyi meli zake za kubeba ndege fimbo hizo zinawekwa pembeni ya uwanja na kulazwa wakati ndege zinaruka na kutua, zisigonge bawa. Fimbo fupi, karibu metre moja, ni ya VHF: kanali 16, ambayo meli za dunia nzima zinasikiliza, iko kwenyi megahertz 156,8. Fupi zaidi tena ni za UHF ya kijeshi, megahertz 225 mpaka 400, ambayo meli inatumia kusema na ndege zake. Mtu anaweza kuibeba moja ya hizo mkononi kama mwichi.

Rada ni jambo ingine. Rada ya kuongoza meli inatumia mawimbi ya santimetre 3 ao 10, na fimbo ya santimetre moja na nusu peke yake haisaidii kitu. Kwa hiyo wanapanga vipande vidogo vingi kwenyi mti mmoja mrefu wenyi kulala, na mti huo unazunguka mchana na usiku. Kadiri unavyokuwa mpana, mwale wake unakuwa mwembamba na unatenganisha vizuri mashua mbili zenyi kukaribiana.

Kisha kuko vile vibuyu vyeupe vya duara. Hapa nashauri kuwa na mashaka. Ndani yake mara nyingi kuko parabole yenyi kufuata satelite wakati meli inayumba, na kibuyu ni kofia ya kuikinga na upepo na chumvi. Lakini kofia inafunika kazi. Parabole ya siri za kijeshi na parabole ya kuonyeshea mabaharia mupira kwenyi televisheni zinaweza kuvaa kofia za kufanana. Mtu mwenyi kukuambia kibuyu fulani ni cha nini kwa kuangalia picha moja tu, muulize maswali.

Nani anakaa juu kabisa

Mahali pa antene panasema pia. VHF, UHF na rada zinakwenda karibu sawa na macho: dunia ikijikunja, zinapotea. Antene yenyi kuwa metre 25 juu ya maji inafika kilometre 20 hivi mpaka upeo. Meli mbili zenyi antene za urefu huo zinaweza kusikilizana kwa kilometre 40 hivi. Kila metre ya kupanda inaongeza kitu, kwa hiyo antene zote zinataka kichwa cha mlingoti, na kichwa ni kimoja. Mawimbi mafupi hayana shida hiyo. Yanapanda, yanagonga tabaka za juu za anga na kurudi mbali sana, ndiyo sababu fimbo zake ndefu unazikuta chini, pembeni.

Kwa hiyo ukiona kitu kimekaa juu kabisa, jua kuko mkubwa aliyeamua ndicho cha lazima kupita vingine. Kwenyi meli nyingi za Marekani utakuta pale kitu cha mviringo kama ngoma fupi: ni TACAN, yenyi kuonyesha rubani njia ya kurudi kwenyi meli. Wakubwa wa meli ile wanafikiria kwanza ndege yao isipotee baharini.

Kitanda cha chuma cha Montevideo

Tarehe 13 Desemba 1939, meli ya Kijerumani Admiral Graf Spee ilipigana na meli tatu za upande wa Waingereza, Exeter, Ajax na Achilles, karibu na mdomo wa Río de la Plata, Amerika ya Kusini. Iliumizwa, ikaingia bandari ya Montevideo, mji mkuu wa Uruguay (inchi ile ile yenyi askari wake watu wa Goma wamewazoea kwa miaka, kwa kazi ya Umoja wa Mataifa). Siku nne baadaye kapiteni wake, Hans Langsdorff, aliitoa bandarini na kuilipua mwenyewe. Maji ya pale si ya kina. Meli ilikaa chini ikiungua, lakini sehemu zake za juu zilibaki inje ya maji.

Wakati ilikuwa bandarini, watu waliipiga picha. Juu ya mnara wa mbele, kwenyi kile kibanda chenyi kuzunguka cha kupimia umbali kwa miwani, kulikuwa kitu kama fremu ya kitanda cha chuma. Wenyewe walikuwa wamekifunika na turubai. Wakati ule Waingereza wengi waliamini rada ni siri yao.

Mwingereza mmoja mjuzi wa rada, L. H. Bainbridge-Bell, alitumwa Montevideo. Alipanda juu ya mabaki ya meli na kuangalia kitu chenyewe kwa karibu. Fikiria vile mtu wa kazi ile anawaza. Fremu bapa yenyi vipande vingi vidogo vya kufanana, vyote vikiangalia upande mmoja: hiyo si ya kusema na watu, maana mwenyi kuomba msaada anatangaza pande zote. Inatuma mwale mahali pamoja. Imefungwa kwenyi kibanda chenyi kupima umbali na inazunguka pamoja nacho: basi kazi yake ni kupima umbali pia, kwa ajili ya mizinga, hata usiku ao ndani ya ukungu. Na urefu wa vipande unakupa wimbi, kwa hesabu ile ile ya FM yetu: karibu santimetre 60. Bila kuona mashine ya ndani inawaka, alijua ni rada ya kulengea mizinga. Leo tunaijua kwa jina Seetakt.

Unafikiri London waliamka siku ile? Ripoti ilifika lakini haikutingisha watu. Mpaka mwanzo wa 1941 bado kulikuwa wakubwa Uingereza wenyi kubishana kama Wajerumani wako na rada ao hawana. Kile kibanda kilibaki ndani ya maji mpaka 2004, ndipo kikavutwa inje. Sasa watu wanakiangalia karibu na bandari ya Montevideo.

Kizimba hakina mgongo

Mara ya pili walioshindwa kusoma ni Wajerumani, na bei ilikuwa kubwa zaidi.

Nyambizi zao katika Bahari ya Atlantiki zilikuwa zinawinda kwa kundi. Ya kwanza kuona msafara wa meli haikupiga mara moja. Ilituma ujumbe kwa mawimbi mafupi kwa makao makuu ya amirali Dönitz, kisha zingine zinaitwa. Walijua kutuma radio ni hatari, lakini walifupisha ujumbe mpaka sekunde chache, wakiamini hakuna mtu atazungusha antene haraka hivyo na kupata wanatoka upande gani.

Wengi wetu tunaijua kazi ile bila kuijua. Chukua posti ya zamani yenyi mawimbi ya kati, izungushe polepole: kuko upande sauti inapungua karibu kufa. Ndivyo unajua stesheni iko wapi. Kwa mkono inachukua muda. Waingereza walitengeneza mashine ambayo haizungushi kitu. Antene yake ni vyuma vya duara vyenyi kukatana kama msalaba, na tofauti ya nguvu kati yake inachora mstari kwenyi kioo mara moja. Ujumbe wa sekunde chache unatosha. Mabaharia waliiita Huff-Duff. Antene ilionekana kama kizimba cha ndege juu ya mlingoti wa meli ndogo za kulinda msafara.

Kizimba hicho hakikufichwa, hakifichiki. Meli hizo zilipita Gibraltar, na ngambo ya ghuba, Algeciras, katika inchi ya Hispania, Wajerumani walikuwa na watu wenyi kupiga picha kila meli. Kizimba kiko kwenyi picha. Hawakukipa uzito wake. Kila nyambizi ilipokamatwa, walilaumu rada. Mwaka wa 1943 walikataza hata mashine yao Metox, yenyi kusikiliza rada, wakifikiri ndiyo inawasaliti kwa mawimbi yake.

Kumbe picha ilikuwa na jibu. Antene ya rada iko na uso na mgongo: inaelekea mahali, ao inazungushwa kuelekea mahali. Kizimba kinafanana pande zote. Kitu chenyi kufanana pande zote, tena kimepewa kichwa cha mlingoti, kinasikiliza. Na ukubwa wake ulikuwa wa mawimbi mafupi, yale yale nyambizi zilikuwa zinasemea. Si Huff-Duff peke yake iliyowashinda; rada mpya ya santimetre 10, ndege, na kuvunjwa kwa kodi zao vilifanya kazi kubwa. Lakini mwezi wa Mei 1943 peke yake walipoteza nyambizi zaidi ya 40, na mpaka mwisho wa vita karibu watu 30 000 kati ya 40 000 waliokwenda na nyambizi hawakurudi. Mpaka siku za mwisho waliobaki waliendelea kutuma ujumbe.

Kazi inazidi kuwa ngumu

Leo mlingoti unapotea. Meli za Marekani za aina ya Arleigh Burke ziko na rada yenyi haizunguki hata kidogo: mabamba manne ya pembe nane, karibu metre 3,7 kila moja, yamebandikwa kwenyi kuta. Meli za ulinzi za Uholanzi za aina ya Holland zimeweka karibu kila kitu ndani ya mnara mmoja laini. Kutoka inje unaona ukuta.

Isipokuwa mawimbi mafupi. Satelite inaweza kukatwa ao kuzibwa, kwa hiyo majeshi mengi hayajaachana nayo, na wimbi la metre 40 haliingii ndani ya ukuta mwembamba. Angalia nyuma ya mnara ule laini, pembeni, chini kidogo. Fimbo iko pale.

Na kama unapenda kujifunza, fanya hivyo kwa picha zenyi majeshi yenyewe yametoa. Kwetu, kupiga picha mashua ya askari ziwani ao bandarini bila ruhusa kunaweza kukulaza ndani.