Kahama kwa Miguu

Kahama ni mji wa wachuuzi kwanza, na wa dhahabu baadaye. Uko magharibi mwa mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma, ikapita Nzega na kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi. Kata zake za kati, zikiwamo Nyahanga, Nyasubi, Malunga, Majengo na Nyihogo, zimeshikana kiasi kwamba mgeni huvuka kutoka moja kwenda nyingine bila kujua. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta halmashauri ya mji ikiwa na watu wapatao 242,000. Ile ya 2022, baada ya mji kupandishwa kuwa manispaa, ilihesabu zaidi ya 450,000. Wengi wa hao walihamia kutoka kwingine, na huo ndio ufunguo wa kuuelewa mji: hapa hakuna mwenyeji wa kale anayewaamulia wengine nini kizuri. Ladha ya mji huamuliwa na umati, na umati wa Kahama hupiga kura kwa miguu. Mgahawa unaojaa ndio mzuri. Fundi mwenye foleni ndiye hodari.

Mkoa wenyewe uliwahi kuitwa jangwa. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mwaka 1984 aliona ardhi tupu iliyochimbika makorongo. Ukame peke yake haukuwa na nguvu ya kufanya hivyo. Tangu miaka ya 1920 misitu ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba na mifugo mingi kuliko majani. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao busara yake kubwa ilikuwa kurudia desturi ya Wasukuma ya ngitili: kutenga sehemu ya malisho wakati wa masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Ngitili zilizohesabika mwanzoni hazikufika hekta 1,000. Kufikia mwaka 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Kahama hupata mvua nyingi kuliko Kishapu au Shinyanga Mjini, lakini kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi ni lilelile, na maji ya bomba ya uhakika yalifika baada ya mradi wa Ziwa Victoria, uliozinduliwa mwaka 2009, kuyavuta kutoka Ihelele, wilayani Misungwi.

Kiangazi hicho ndicho kilichopika chakula cha watu wa huku. Anayetaka kuujua mji aanze sokoni asubuhi, kwenye mafungu ya vitu vilivyokaushwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani; matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Michembe huchemshwa ikaliwa kwa maziwa au karanga, na matobolwa hutafunwa hivyohivyo, kavu na matamu, na aliyezaliwa usukumani akiwa Dar es Salaam huagiza gunia litumwe kwa basi. Pembeni yake kuna nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, dagaa wa ziwani, na unga wa udaga kwa ugali wa mihogo. Mgeni anayekimbilia chipsi mayai katika mji huu anajinyima bure.

Mchele ni habari nyingine. Nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Isaka na Tinde, ipo Kagongwa, moja ya masoko makubwa ya mchele katika Kanda ya Ziwa. Mpunga hulimwa kwenye mbuga za udongo mweusi, ndani ya majaluba yaliyozungushiwa kingo za udongo ili kushika maji ya mvua, kwa hiyo mavuno ya mwaka hutegemea mawingu. Kuanzia Mei mashine za kukoboa hunguruma mchana kutwa, malori hupakia kwenda Mwanza, Dar es Salaam na nchi jirani, na bei hubishaniwa kwa sauti ya juu ambayo mgeni huweza kuidhania ugomvi. Sahani ya wali kwa mama lishe wa Kagongwa, pamoja na kuku wa kienyeji au sato wa kukaanga, ni bora kuliko nyingi za hotelini. Mchele uliokobolewa jana una harufu ambayo mchele uliokaa ghalani hauwezi kuiga.

Dhahabu haionekani kwa urahisi kama mchele, ingawa fedha yake iko kila mahali. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Kakola, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Ule wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji, ulianza 2009 na kufungwa 2021. Lakini mdundo wa mji hutokana zaidi na wachimbaji wadogo wa Mwime, Nyangalata na machimbo mengine, watu wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa kamba na kurudi na viroba vya mawe ya kusagwa kwenye mashine za karasha. Nyangalata ilijulikana duniani mwaka 2015, wachimbaji watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mchimbaji aliyepata hutambulika mjini kwa jinsi anavyonunua: pikipiki mpya, simu, kitanda cha mbao ngumu, raundi ya vinywaji kwa meza nzima. Aliyekosa naye hutambulika, maana anakula kwa mkopo mahali palepale.

Zamani biashara ya dhahabu ilifanyika gizani, kwa madalali na vyumba vya nyuma. Mwaka 2019 serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani na ile ya zuio kwa wachimbaji wadogo, ikafungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita mwezi Machi, na Kahama ikapata lake mwaka huohuo. Sokoni dhahabu hupimwa uzito na ubora mbele ya maofisa kabla ya kuuzwa. Mtembezi hana shughuli ndani, na kupiga picha bila ruhusa si adabu wala si salama. Mitaa inayolizunguka yatosha: maduka ya nyundo, moko (patasi za wachimbaji), kamba na pampu za maji, masonara wenye majiko madogo ya moto, na wauza chai wanaojua bei ya gramu ya asubuhi hiyo kabla ya wengi.

Waamuzi wa mitindo wa Kahama hawana majina makubwa. Wa kwanza ni mafundi cherehani wanaokaa barazani mwa maduka ya vitenge. Mteja huchagua kitambaa, hutazama picha zilizobandikwa ukutani, kisha hubishana na fundi juu ya mikono na shingo. Mshono ukivaliwa kanisani Jumapili na kusifiwa, kufikia katikati ya wiki umeshaigwa. Wa pili ni vinyozi, ambao viti vyao ni mabaraza ya siasa, ndoa na Simba na Yanga. Wa tatu ni watangazaji wa redio za mjini kama Kahama FM na Huheso FM, wanaoamua wimbo upi wa Kisukuma utapigwa kati ya Bongo Fleva mbili. Wa nne, na pengine wenye nguvu kuliko wote, ni bodaboda na waendesha baiskeli za abiria. Nchi ni tambarare, baiskeli inafaa, na mwendeshaji anayezungumza huku akikanyaga pedali atampeleka mgeni kwenye supu anayokunywa mwenyewe.

Salamu hufungua milango zaidi ya fedha. Asubuhi ni mwangaluka, kuanzia mchana ni mwadila. Mzee huitwa baba na mama wa makamo huitwa mayu, na shukrani ni wabeja. Kiswahili kinatosha kwa kila jambo, kwa kuwa mji umekusanya Wasukuma, Wanyamwezi, Wasumbwa, Waha, Wahaya na wafanyabiashara wa kila upande. Lakini neno moja la Kisukuma likitoka kinywani mwa mgeni, bei hushuka na kiti husogezwa.

Baada ya saa nane jua huwashinda wote, na busara ni kukaa. Kivulini kuna bao, kahawa chungu na kashata. Jioni mji hubadili nguo. Majiko ya nyama choma huwashwa, mbuzi hukatwa mbele ya mteja, ndizi huwekwa pembeni ya makaa. Vibanda umiza hujaa kwa mechi, na hapa upenzi wa soka una historia yake: Stand United ya Shinyanga Mjini ilianzishwa na watu wa stendi ya mabasi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014, na mashabiki wake huiita Chama la Wana. Baa hufunga usiku sana. Kwa aliye na fedha mfukoni, usafiri wa usiku uwe wa bodaboda aliyetafutwa na mwenye nyumba ya wageni.

Kilicho bora kuliko vyote hutokea kwa msimu. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, ndipo ngoma za mashindano za Wasukuma huchezwa. Simulizi husema kuwa katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana ni nani mwenye dawa kali, wakaamua kushindana kwa ngoma. Wafuasi wao wakawa makundi mawili, Bagika na Bagalu, yaliyodumu hadi leo. Makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Hakuna majaji wala alama. Watazamaji hukimbilia upande unaowavutia, hurudi, hukimbia tena, na mwisho wa siku aliyebaki na umati ndiye mshindi. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi wa ngoma, hawezi kutegemea sauti peke yake. Bugobogobo huchezwa kwa majembe yanayorushwa na kudakwa kwa mpigo wa ngoma. Buyeye ni ya washika nyoka, nao huja na chatu wao. Bununguli ilianza kwa wawindaji wa nungunungu. Nyimbo hutungwa upya kila mwaka, zikiwa na matusi ya kistadi kwa wapinzani na maoni juu ya bei ya pamba.

Mashindano ya vijijini hayatangazwi kwa mabango. Habari husambaa redioni na kwenye magulio, na mahali hujulikana siku chache kabla, hivyo ni bora kuuliza kwa wauza mchele wa Kagongwa kuliko ofisini. Asiyependa kubahatisha aende Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, ambako Padri David Clement alianzisha kituo cha utamaduni wa Wasukuma na makumbusho yake. Huko tamasha la Bulabo hufanyika kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni. Ni ngoma ileile, ila jukwaa lina ratiba.

Kufika Kahama ni rahisi. Mabasi hutoka Mwanza, Shinyanga, Tabora na Dar es Salaam kila siku, na malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Miezi ya Juni na Julai ndiyo mizuri: mchele ni mpya, ngoma zimeanza, barabara za vijijini zimekauka. Kati ya Desemba na Machi udongo wa mbuga hunata mpaka baiskeli hubebwa begani.