Nzohe wa Karagwe na Kibali cha Mtafiti

Mwezi Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Huko ndiko Speke alikomjua nzohe, mnyama wa jamaa ya pongo aishiye katika vinamasi vya mafunjo. Kwato zake ni ndefu na hutanuka akanyagapo, hata asizame topeni. Akishtushwa hujitosa majini, akabakiza pua tu nje. Wenyeji walimjua tangu zamani, lakini maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa Uingereza mwaka 1863, na jina aliloingizwa nalo vitabuni, Tragelaphus spekii, ni la mgeni wao.

Zama zile ridhaa ya mfalme ilitosha. Leo mtafiti atakaye kukamata au kuua mnyamapori, au kuchukua damu yake tu, hana budi kupata kwanza kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mapendekezo yake huchunguzwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Kibali cha kukamata hutolewa na Mkurugenzi wa Wanyamapori kwa Sheria Na. 5 ya 2009. Ikiwa kazi itafanyika ndani ya hifadhi za Ibanda-Kyerwa au Rumanyika-Karagwe, zilizokuwa mapori ya akiba hadi mwaka 2019, ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa nayo yahitajika. Kusafirisha vielelezo nje ya nchi kuna idhini yake peke yake.

Manung'uniko mengi hutokana na ada. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo haifai kuvikariri. Yatosha kujua kwamba raia hutozwa kidogo kuliko mgeni. Nakiri kuwa kuzunguka ofisi hizi zote huchosha, hasa kwa mwanafunzi mwenye fedha haba, na kuzipunguza lingekuwa jambo jema. Hata hivyo ada si bei ya mnyama. Kibali hutaja spishi, idadi, mahali na muda. Mathalani, katika kinamasi kidogo chenye nzohe wachache, kuondoa majike mawili au matatu kwaweza kudhoofisha kizazi kizima.

Kuna na hatari kwa mkusanyaji mwenyewe. Ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera mwezi Machi 2023, ukazuka tena mwezi Januari 2025. Virusi vyake hubebwa na popo wala-matunda wakaao mapangoni, wala popo hao hawaonyeshi dalili ya ugonjwa. Mwalimu asiwatume wanafunzi pangoni kutafuta popo wa maabara. Amwone kwanza Afisa Wanyamapori wa Wilaya.

Ombi la kibali hudai mahali patajwe barabara, na jambo hilo lina faida yake miaka mingi baadaye. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012. Kielelezo cha zamani chenye kijikaratasi kilichoandikwa «Karagwe» tu chaweza kuwa kilitoka upande wowote wa wilaya hizi mbili, na asomaye leo hana njia ya kujua ni kinamasi kipi.