Kutazama Majani Mekundu Katika Hekalu la Japani: Matembezi Yanaishia Wapi na Ibada Inaanzia Wapi?

Kila ifikapo Novemba, ndugu zetu wanaosoma au kufanya kazi Japani hualikwa na walimu, majirani na wenzao kazini kwenda kutazama majani ya vuli. Mara nyingi mahali panapochaguliwa ni bustani ya hekalu dogo la Kibudha. Hapo Muislamu hukwama: akikataa anachelea kumvunja moyo aliyemkirimu, na akikubali anachelea kushiriki asilolijua. Tumeona ni vyema tueleze yaliyomo katika ziara hiyo, ili mwenye kwenda aende kwa ilimu, na mwenye kuacha aache kwa ilimu.

Mti unaotazamwa zaidi huitwa momiji, majani yake madogo yamechanuka kama kiganja cha mtoto. Usiku unapokuwa wa baridi na mchana ukabaki na jua, ukijani wa jani huvunjika, na sukari iliyonaswa ndani yake husaidia kutengeneza rangi nyekundu. Mjini Kyoto kilele chake ni katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Kuyatazama na kuzingatia uumbaji wa Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ni jambo jema. Suala letu ni mahali.

Tuchukue mfano wa Enkoji, hekalu dogo lililoko Ichijoji, kaskazini mashariki ya Kyoto. Lilianzishwa mwaka 1601 na mtawala Tokugawa Ieyasu huko Fushimi likiwa na chuo, na vitabu vikachapwa kwa herufi za mbao ambazo nyingi zimehifadhiwa hadi leo. Mwaka 1667 likahamishiwa lilipo sasa. Mgeni hulipa kiingilio, hupita bustani ya mchanga, huvua viatu, kisha hukaa kimya kwenye sakafu ya ukumbi akitazama miti iliyozunguka bwawa. Lakini hapo hapo lipo jengo kuu lenye sanamu ya Kannon mwenye mikono elfu, ambaye Mabudha humwomba rehema, na mlimani nyuma yapo makaburi. Bustani na ibada vimo ndani ya ua mmoja.

Wengine husema, "Huu ni utalii tu." Tusiharakishe. Mwaka 1985 serikali ya mji wa Kyoto ilianza kutoza kodi kwenye viingilio vya mahekalu, na baadhi ya mahekalu makubwa yakafunga milango kwa kupinga. Hoja yao ilikuwa kwamba kuingia hekaluni ni tendo la kidini, na wala si burudani ya kutozwa kodi. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1988. Basi ikiwa wenyewe wanapaona hivyo, haitufai sisi kupachukulia kama uwanja wa maonyesho.

Wanachuoni wamekhitalifiana kuhusu kuingia mahali pa ibada za wasio Waislamu. Wapo waliochukiza, hasa miongoni mwa Mahanafi. Wapo walioruhusu, wakiwemo wengi wa Mahanbali. Na wengi wakatilia mkazo suala la picha na sanamu. Imepokewa kwamba 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu) alijizuia kuingia makanisa kwa sababu ya picha zilizomo. Wote hawakukhitalifiana katika hili: kushiriki ibada yao hakujuzu, wala kuhudhuria kwa kuitukuza.

Mwenye kufuata kauli ya ruhusa na akaenda, basi ayajue haya:

1. Sanduku la mbao lililo mbele ya sanamu ni la sadaka ya ibada, nalo ni mbali na kiingilio cha langoni. Usitie sarafu hata kama wenzako wanatia.

2. Kuunganisha viganja na kuinama mbele ya sanamu, na kuwasha vijiti vya ubani, ni ibada. Simama nyuma kwa adabu, au baki bustanini.

3. Kuinamiana kwa maamkizi ni ada ya Wajapani, lakini ipo Hadiyth iliyopokewa na At-Tirmidhiy inayokataza mtu kumwinamia mwenzake. Kutikisa kichwa kidogo, mkono kifuani na uso mkunjufu, hueleweka vizuri.

4. Muhuri mwekundu wenye maandishi ya wino, uitwao goshuin, si stempu ya kumbukumbu. Asili yake ulitolewa kwa aliyenakili maandiko yao na kuyatoa hekaluni, na mara nyingi huandikwa jina la anayeabudiwa hapo. Uache.

5. Chakula cha watawa hakina nyama, lakini huenda kikapikwa kwa pombe ya mchele. Uliza kabla ya kula.

Pamoja na hayo, usikejeli, usinyooshee sanamu kidole kwa kicheka, wala usipige picha palipokatazwa. Kujiepusha na ibada ya mtu hakuhitaji kumvunjia heshima.

Usisahau Swalaah. Siku za kilele jua la Kyoto huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Alasiri huingia karibu saa nane na nusu mchana. Anayetoka baada ya chakula cha mchana anaweza kupitwa akiwa kwenye foleni. Kutoka Ichijoji, treni ya Eizan hufika Demachiyanagi, na Msikiti wa Kyoto hauko mbali na hapo.

Na ambaye moyo wake haukutulia, hajafungiwa mlango. Kyoto Gyoen, bustani kubwa inayozunguka kasri la zamani la kifalme, iko karibu na msikiti huo, haina kiingilio, na ina momiji zake. Mwambie mwenyeji wako kwa upole: "Nakushukuru kwa mwaliko. Dini yangu inanizuia mahali pa ibada nyingine, lakini ningependa tukatazame majani pamoja Gyoen." Aliyekualika alitaka mwende pamoja, na hilo bado atalipata.

Wa-Allaahu A'lam.